Esanse, petroli na kanyanga: mazungumzo juu ya moteri yetu iliyokufa

(Maneno haya yalisemwa na kamati ya usafiri mbele ya mkutano wa wanachama, hapa Uvira. Tunayaandika kwa ajili ya wanachama wa Mboko na Baraka ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu.)

 

Mlituomba tueleze mambo mawili. La kwanza, kwa nini moteri ya boti yetu ilikufa kabla haijatimiza hata mwaka, wakati ninyi mlichanga pesa kidogo kidogo na wafadhili wakaongeza juu yake. La pili, kama ni kweli yale maneno yanayozunguka Kalundu na Mulongwe, kwamba esanse unaweza kuichanganya na pombe na gari likatembea vizuri tu, tena kwa bei ya chini. Kwa kweli mambo hayo mawili ni jambo moja, njo maana tunayasema pamoja.

Tuanze na majina, sababu hata majina yamekwisha kutuletea hasara. Sisi tuliokaa Tanzania, Lugufu na Nyarugusu, tulizoea kuita petroli ile inayowekwa kwenye pikipiki, na ile ya taa tukaiita mafuta ya taa. Hapa kwetu petroli ndiyo ya taa. Ya pikipiki ni esanse. Na dizeli ya Kigoma hapa ni mazutu. Kijana wetu mmoja, wiki yake ya pili tangu ashuke kwenye boti pale Baraka, alitumwa anunue "petroli lita tano". Muuzaji akampa petroli kweli kweli. Pikipiki ilikohoa toka Kavimvira, ikagonga ndani kama mtu anapiga sufuria, ikatoa moshi, na karibu na daraja la Mulongwe ikanyamaza. Ile siku tulicheka sana. Mwenye pikipiki hakucheka. Basi katika mazungumzo haya tutasema esanse, petroli na mazutu kama watu wa Uvira, ili tusipotezane.

Sasa boti.

Wengi mnajua habari kwa kusikia, lakini tuiseme wazi. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua zimeanza. Boti ilitoka Kalundu jioni kwenda Baraka ikiwa na watu kumi na wanne, mabati, na mifuko ya unga. Tangi la kwanza lilikuwa la esanse iliyobaki ya zamani. Walipopita Makobola, nahodha akamimina bidoni ya pili. Moteri ikaendelea dakika chache, kisha sauti ikashuka, ikapanda, ikashuka tena, halafu ikakamata ghafla. Akavuta kamba, kamba haivutiki. Pistoni ilikuwa imeshikana na ukuta wake. Upepo ukawasukuma usiku kucha, watu wanapiga makasia kwa vipande vya mbao, wamama wawili wana watoto mgongoni. Asubuhi mapema wavuvi wa ndagala waliokuwa wanazima taa zao wakawaona, wakawavuta mpaka pwani. Hakufa mtu. Tunamshukuru Mungu na tunawashukuru wale wavuvi, ambao hawakutaka hata faranga moja.

Kuna watu walisema nahodha alikuwa amelewa, au hakuweka oili. Si kweli, na tunaomba maneno hayo yaishe leo. Nahodha alichanganya oili kama inavyotakiwa. Kosa lilikuwa letu sisi kamati. Siku zile bei ya esanse ilikuwa imepanda vibaya. Mnajua wenyewe: upande wa Burundi esanse ilikuwa imekosa kwenye stesheni, watu wa Bujumbura walikuwa wanavuka Gatumba na Kavimvira kuja kununua huku, na hii yetu iliyoletwa kutoka Tanzania ilikuwa inagombaniwa. Mfanyabiashara mmoja akatuambia yuko na esanse ya mchanganyiko, "imetiwa alkoli kama wanavyofanya Malawi," na bei yake iko chini. Mmoja wetu katika kamati alikaa Malawi miaka mingi, akasema ndiyo, kule alkoli wanaitia kweli. Tukanunua bidoni tano. Hatukufungua hata moja tuangalie ndani. Bidoni zilikuwa za njano, hauoni kilichomo.

Fundi wa Kalundu alipofungua tangi, alimimina yaliyobaki kwenye chupa ya maji ya plastiki akatuita tuangalie. Juu kulikuwa na esanse, rangi yake ya manjano. Chini kulikuwa na kitu cheupe kama maji, robo nzima ya chupa. Alitunusisha. Kila mtu aliyewahi kupita karibu na nyumba inapopikwa kanyanga aliijua ile harufu.

Hapa tueleze kazi yenyewe, sababu msipoielewa mtadanganywa tena kama sisi.

Alkoli safi, ile wataalamu wanaita etanoli, inachanganyika na esanse bila shida. Inachanganyika na maji pia bila shida. Lakini esanse na maji havipendani. Ukiweka vitatu pamoja, alkoli inakuwa kama mtu mwenye ndugu pande mbili: maji yakiwa kidogo sana inayashika na wote wanakaa pamoja, maji yakizidi, inaiacha esanse na kufuatana na maji chini ya tangi. Kiasi chenyewe ni kidogo mno. Esanse yenye alkoli asilimia 10 inaweza kubeba maji karibu nusu ya asilimia moja tu. Katika bidoni ya lita 20 hiyo ni kama mililita 100, nusu ya kikombe cha chai. Ikizidi hapo, inajitenga.

Sasa piga hesabu ya kanyanga. Kanyanga ya kawaida karibu nusu yake ni maji. Mtu akitia lita mbili za kanyanga kwenye bidoni ya lita 20, ametia lita moja ya maji. Hiyo ni zaidi ya mara kumi ya kile esanse inachoweza kubeba. Hapo hakuna mchanganyiko. Kuna esanse juu na pombe ya maji chini, na mpira unaovuta mafuta kwenda kwenye moteri unavutia wapi? Chini.

Na moteri yetu ya farasi 40 ni ya mipigo miwili. Haina sehemu ya oili peke yake kama gari; oili inachanganywa ndani ya esanse na inapita nayo. Maji na alkoli vilipojitenga, oili ilibaki juu na esanse. Kwa hiyo moteri ilikunywa pombe ya maji isiyokuwa na oili hata tone, na ikiwa inazunguka kwa nguvu. Pistoni bila oili haifiki mbali. Pikipiki ya mipigo minne ingezimika tu, ungemwaga tangi na kuendelea. Moteri ya boti inajiua.

Ndiyo habari ya moteri. Sasa tuje kwa yule ndugu yetu wa Malawi, sababu watu walimcheka na hawakumtendea haki. Alichosema ni kweli. Wengi wetu tuna ndugu waliokaa Dzaleka, na magari waliyoyaona yakipita kwenda Lilongwe yalitembea kwa esanse yenye alkoli. Malawi ilianza jambo hilo mwaka 1982, kwa kiwanda cha Dwangwa kando ya Ziwa Malawi, jirani na kiwanda cha sukari. Wanachukua melasi, yale maji mazito meusi yanayobaki sukari ikishatolewa, wanayachachusha na kuyapika mpaka yatoke alkoli. Nchi haina bahari, esanse inasafiri mbali kuifikia, basi kila lita ya alkoli ya nyumbani ni lita isiyonunuliwa kwa dola. Sisi watu wa Uvira tunaelewa hesabu ya namna hiyo bila kufundishwa.

Tofauti iko hapa: alkoli ya Dwangwa imekaushwa. Kupika pombe mara moja, mara mbili, hata mara kumi, huwezi kupita karibu asilimia 96 ya alkoli, hata uwe fundi wa namna gani. Maji yanayobaki yanapanda pamoja na mvuke. Ili ufike zaidi ya asilimia 99, ile inayofaa kuchanganywa na esanse, lazima uwe na mitambo ya kuyanyonya yale maji ya mwisho. Hiyo si kazi ya pipa na mpira nyuma ya nyumba.

Brazili wamekwenda mbali zaidi ya wote. Walianza mpango wao mwaka 1975 esanse ilipopanda bei duniani, mwaka 1979 wakatoa gari la Fiat linalotembea kwa alkoli tupu, na tangu 2003 wanauza magari yanayokubali esanse, alkoli, au mchanganyiko wowote wa hivyo viwili. Lakini angalieni: magari hayo yametengenezwa kwa kazi hiyo. Lile la alkoli tupu linaweza hata kutumia alkoli yenye maji kidogo, sababu hakuna esanse ya kugombana nayo. Gari letu la chama si la namna hiyo.

Karibu na sisi zaidi ni Kenya. Pale Muhoroni, kwenye mashamba ya miwa, kilijengwa kiwanda cha alkoli, na tangu 1983 esanse ya nchi ile ilichanganywa na alkoli asilimia 10. Mwaka 1993 ikasimama. Haikusimama kwa sababu magari yalikataa. Ilikuwa hesabu ya bei: alkoli ilipata wanunuzi wengine waliolipa vizuri kuliko wenye magari. Kumbukeni hilo, tutarudi kwake.

Tuseme sasa gari linasikia nini hasa. Hapa ndipo vijana wetu wa pikipiki wanatuuliza kila siku, na kila mmoja yuko na jibu lake.

Kwanza, nguvu iliyo ndani. Lita moja ya esanse ina joto la kama megajuli 32. Lita moja ya etanoli ina kama 21. Yaani lita ya alkoli ni theluthi mbili tu ya lita ya esanse. Tuchukue gari linalokunywa lita 20 za esanse tupu toka hapa mpaka Bukavu. Kwa mchanganyiko wa asilimia 10 litakunywa kama lita 20 na robo tatu. Hautaona tofauti, mlima na mzigo vinakula zaidi ya hapo. Kwa asilimia 20 litakunywa karibu lita 21 na nusu. Kwa asilimia 85, ile ya magari maalumu, kama lita 28. Mtu akikuuzia mchanganyiko wa nusu kwa nusu na kukuambia "unakwenda mbali zaidi", mwambie arudi shule.

Pili, oktani. Hii ni namba inayosema mafuta yanavumilia kubanwa kiasi gani kabla hayajawaka yenyewe. Esanse za kawaida ziko 91 mpaka 95, etanoli iko kama 108. Hapo alkoli inashinda kabisa. Injini ya mashindano, iliyojengwa kubana sana, inapata nguvu nyingi kwa alkoli, tena alkoli inapoza hewa inayoingia. Lakini injini ya TVS au Bajaj inayobeba watu hapa mjini haibani kiasi cha kuhitaji oktani 108. Inashukuru ikipata 91 ya kweli. Oktani ya ziada haiiongezei kitu. Ni kama kumvalisha mtoto viatu vya baba yake.

Adui wa oktani hapa kwetu ni petroli ya taa. Hiyo ndiyo inayochanganywa mara nyingi, kuliko kanyanga kwa mbali. Petroli ina oktani ya chini sana. Ile kelele ya "tak tak tak" unapopanda mlima umebeba watu wawili ni mafuta yanayowaka kabla ya wakati na kuipiga pistoni kichwani. Buji zinakuwa nyeusi, moshi unanuka taa, na asubuhi pikipiki haiamki. Oili ya chini nayo inaharibika, sababu petroli isiyoungua inateremka pembeni mwa pistoni na kuichuja.

Tatu, hewa. Esanse kilo moja inataka hewa kilo 14 na nusu na kidogo ili iungue vizuri. Etanoli inataka 9 tu, maana ndani yake mna oksijeni tayari. Gari la kisasa lenye kompyuta linanusa moshi wake na kuongeza mafuta lenyewe, kwa kipimo fulani. Karburateri hainusi. Jikleri, ile tundu ndogo inayopitisha mafuta, ni ileile kila siku. Ukiweka alkoli nyingi, injini inapata mafuta haba kwa hewa nyingi, inachemka, na vali zinaungua.

Hapo mtu mmoja wa Kiliba alituuliza swali zuri sana: basi kwenye milima je? Sababu kupanda Ngomo kwenda Bukavu hewa inapungua. Ni kweli. Uvira tuko kama mita 780 juu ya bahari, Bukavu ni zaidi ya mita 1500. Huko juu karburateri iliyopimwa hapa inatoa mafuta kupita kiasi, gari linakuwa zito na moshi mweusi. Alkoli kidogo ingelisaidia huko juu kwa kupunguza ule uzito. Lakini gari hilohilo litashuka tena Kamanyola kwenye joto, na hapo litachemka. Huwezi kubadilisha jikleri kila ukivuka mlima. Wenye pikipiki zinazopanda Hauts Plateaux waangalie pia baridi ya asubuhi: alkoli nyingi haipendi kuwaka kwenye baridi. Hapa chini pwani hiyo si shida yetu.

Buji itawaambia mengi kuliko muuzaji. Ifungue baada ya safari ndefu. Rangi ya kahawia, kama biskuti, ni nzuri. Nyeusi ya masizi ni mafuta mengi au petroli. Nyeupe kama chaki ni mafuta haba, na hiyo ndiyo ya kuogopa, hata kama pikipiki inakimbia vizuri siku hiyo.

Nne, mipira na vyuma. Alkoli inakula mipira ya zamani, inaivimbisha na kuipasua, na ikiwa na maji inakula alumini na zinki za karburateri. Pia inasafisha. Hilo linaonekana zuri, lakini tangi la gari la miaka 25 lina uchafu wa miaka 25 uliotulia chini. Alkoli inaulegeza wote, na wiki ya kwanza filtri inaziba. Wengi wanasema "esanse hii mubaya imeua gari", wakati ni uchafu wao wenyewe.

Vijana wa pikipiki waangalie habari za India, kule TVS na Bajaj zinakotoka. India ilianza kuuza esanse ya asilimia 20 mwaka 2023, na watu wakalalamika sana juu ya magari ya zamani. Makadirio ya serikali yao ya mwaka 2021 yalisema magari ambayo hayakutengenezwa kwa ajili yake yatapoteza asilimia 6 mpaka 7 ya mwendo kwa lita, na pikipiki 3 mpaka 4. Pikipiki nyingi zilizoko hapa ni za kabla ya mabadiliko hayo. Asilimia 10 ya alkoli kavu haziogopi. Watengenezaji wengi wa moteri za boti nao wanaruhusu mpaka asilimia 10, si zaidi, na wanasema usiiache ikae kwenye tangi muda mrefu. Sisi tungeongeza: hasa kwenye unyevu wa ziwa hili.

Tuje sasa kwa ombi lililoletwa na wanachama wa Kiliba na Sange. Waliandika kwamba miwa iko, watu waliofanya kazi kwenye kiwanda cha sukari cha Kiliba kabla hakijafungwa mwaka 1996 bado wako, kwa nini chama kisiombe wafadhili pesa za kupika alkoli ya magari? Tuliwaheshimu wazee hao, tukakaa nao siku nzima. Mmoja wao alikumbuka melasi ilivyokuwa inamwagika, na wanawake wanakuja na ndoo. Tani moja ya melasi inatoa kama lita 250 za alkoli. Si mchezo.

Lakini melasi inatoka kwenye kiwanda cha sukari. Bila kiwanda, unapika juisi ya miwa yenyewe, na tani nzima ya miwa inakupa lita 70 mpaka 80. Tuseme, kwa mfano tu, esanse iko faranga 3000 kwa lita. Alkoli yako lazima iuzwe chini ya 2000 ili mwenye gari asipoteze, sababu ya ile theluthi mbili. Na ili kupata lita moja ya alkoli safi unahitaji lita mbili na zaidi za kanyanga, makaa ya kuipika tena, na mitambo ya kuikausha. Halafu jioni anakuja mtu na chupa yake tupu, yuko tayari kununua hiyo kanyanga bila kukaushwa. Mlevi analipa vizuri kuliko injini. Njo ile ya Muhoroni.

Kwa hiyo kamati haiungi mkono ombi hilo, na tumewaambia wazee hivyo uso kwa uso. Wafadhili wasiweke pesa zao hapo. Ikiwa siku moja kiwanda cha sukari kitafufuka na melasi ikawa nyingi, tutakaa tena. Wazee wawili hawakukubaliana nasi na wameomba waandike maoni yao hapa siku nyingine. Ni haki yao.

Neno dogo tulilosahau kwenye mkutano: mtu aliuliza kama alkoli ya magari inaweza kunywewa. Hapana! Viwandani inatiwa esanse au kitu kingine cha sumu makusudi ili isinywewe, na alkoli ya aina nyingine, metanoli, inapofusha macho na kuua. Na vijana wanaonyonya mafuta kwa mdomo na mpira waache. Pampu ya mkono si ghali kama mapafu.

Sasa namna ya kupima. Tuliifanya mbele ya mkutano na tunaiandika kwa wale ambao hawakuwepo. Chukua chupa ya plastiki nyembamba, ndefu, unayoona ndani. Weka alama kwa kalamu. Tia maji safi sehemu mbili, kisha esanse sehemu kumi, mpaka alama ya kumi na mbili. Funga, tikisa vizuri, fungua kidogo upepo utoke, halafu iache dakika kumi. Maji yatarudi chini. Kama mstari wake umebaki kwenye mbili, hakuna alkoli. Kama umepanda, mathalani umefika tatu, alkoli imefuata maji, na unajua ni kama sehemu moja katika kumi. Kabla hata ya kutia maji, angalia chupa peke yake: kukiwa na kitu kimetulia chini, usinunue, hakuna haja ya kupima.

Petroli ya taa haionekani kwa kipimo hicho. Hiyo ipime kwa karatasi nyeupe: dondosha tone moja, liache likauke. Esanse safi inaondoka yote. Petroli au mazutu inaacha doa la mafuta. Usitegemee kupima uzito peke yake, maana alkoli na petroli uzito wao unakaribiana, kilo 0.8 hivi kwa lita. Yote haya yafanyike mbali na mbabula na sigara, na si ndani ya nyumba.

Mama mmoja anayeuza chupa za esanse kando ya barabara, mmoja wa wale watu wanaita kadhafi, alisimama akasema kwa uchungu: "Munatusemaka sisi kadhafi tuko wezi. Mie nanunua bidoni kama vile inakuja. Nitajuaje?" Alisema kweli. Wengi wa wauzaji hao ni wanachama wetu, wajane na vijana waliorudi bila kitu. Bidoni inawafikia imekwisha haribiwa. Tulimwita mbele apime mwenyewe bidoni yake. Ilikuwa safi, akapigiwa makofi. Wiki iliyofuata alirudisha bidoni nyingine kwa aliyemuuzia, na chupa mkononi kama ushahidi.

Mwisho ni pesa. Pistoni, pete zake, na kukwangua ukuta wa moteri vimelipwa. Nusu ililipwa na mfuko wa chama. Nusu nyingine tunalipa sisi watano wa kamati, tunakatwa kila mwezi kwa miezi sita, na mweka-hazina ana karatasi yenye saini zetu kwa yeyote anayetaka kuiona. Mabati yaliyokuwa kwenye boti yalifika. Mifuko saba ya unga ililowa, na wenyewe wamelipwa.

Bidoni za boti sasa ni nyeupe, unaona ndani, na hazitumiki kwa kitu kingine. Hakuna bidoni inayoshuka Kalundu bila kupimwa na watu wawili, nahodha akiwa mmoja wao, na nahodha ana ruhusa ya kukataa safari hata kama mwenyekiti mwenyewe yuko ndani ya boti. Chupa ya kupimia iko kwa mama mtunza-stoo, Mulongwe, kila siku kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Mje na kidogo cha mafuta yenu, mwanachama au si mwanachama. Hailipwi.